Maua ambayo sisi tungeyatupa

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi ya kupanga mawaridi kwa madaraja kwenye shamba moja la maua huku Naivasha, huu ni mwaka wa saba. Ofisini kwetu kuna kalenda tuliyoletewa kutoka Uholanzi, na mwezi huu ina picha ya maua ya zamani. Chini imeandikwa Rachel Ruysch. Msimamizi anasema picha kama hiyo ni ya bei ya kutisha na watu hupanga foleni kuiona. Mimi nimeitazama kwa jicho la kazi yangu. Majani yana matundu, ua moja limelegea shingo, jingine petali zinadondoka, na kuna kiwavi juu yake. Ndoo hiyo ingeletwa mezani kwangu ningeikataa yote. Tena majani mengine ni ya buluu, na sielewi mashina yote yale yameingiaje kwenye chombo kidogo vile. Watu wanapenda nini hapo?"

Marahaba. Wengi huniuliza swali hili bila kuzitazama picha zenyewe. Wewe umetazama, na kila kasoro uliyoitaja ipo kweli. Jina peke yake halinitoshi kujua una picha ipi ukutani, maana kazi za mchoraji huyu, Ruysch, zinazojulikana zinapita 100, lakini maelezo yako yanaingia karibu katika kila moja.

Nianze na mashina. Hayaingii. Ukifuata kila ua kwa kidole kuteremka hadi kwenye mdomo wa chombo, utakuta mengine hayafiki, mengine yote yanataka kupita tundu moja, na uzito umekaa juu kiasi kwamba chombo halisi kingepinduka. Shada hilo halikuwahi kuwepo. Hakuna asubuhi hata moja ambayo mchoraji aliamka akalikuta mezani.

Huko Naivasha mawaridi mnayakata Januari na Agosti vilevile, kwa hiyo jambo hili haliwezi kukushtua kama lilivyomshtua Mholanzi wa karne ya 17. Kwake yeye kila ua lilikuwa na mwezi wake. Tulipu zilitoka Aprili na Mei. Mawaridi mengi ya zamani ya Ulaya yalichanua mara moja tu kwa mwaka, mnamo Juni. Alizeti zilingoja mwisho wa kiangazi. Kuanzia Novemba bustani ilikuwa udongo mtupu, kisha barafu. Mtu huyo akiona tulipu na alizeti katika chombo kimoja, zote zikiwa na umande, ni kama wewe uone picha ya harusi ambamo bibi yako aliyefariki kabla hujazaliwa amembeba mwanao wa mwisho, na wote wanacheka.

Wachoraji walifikaje hapo? Kwa kungoja. Walichora kila ua lilipotoka, wakahifadhi michoro hiyo, halafu wakaikusanya kwenye turubai moja. Jan Brueghel Mkubwa, aliyekuwa Antwerp (leo ni Ubelgiji), mwaka 1606 alimwandikia Kadinali Federico Borromeo wa Milan akimweleza kwamba alisafiri hadi Brussels kwenda kuchora maua ambayo Antwerp hayakupatikana. Zaidi ya karne moja baadaye Jan van Huysum wa Amsterdam alikuwa mgumu kuliko wote: kuna barua yake ya mwaka 1742 inayosema picha ya mteja haijakamilika kwa sababu hakupata waridi la njano. Mteja alikuwa mtawala wa Mecklenburg, Ujerumani, na alingojeshwa kwa ajili ya ua moja. Kuna picha nyingine ya van Huysum, iko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, imetiwa sahihi yenye miaka miwili, 1736 na 1737. Ninaamini ua fulani lilimpita msimu wa kwanza.

Borromeo mwenyewe aliandika kitu kinachosaidia kujibu swali lako. Alisema kwamba majira ya baridi yanapofunika kila kitu kwa barafu, yeye hujifurahisha kwa kutazama maua, hata kama ni ya kuchorwa, na kuwazia harufu yake. Watu waliokaa miezi mitano bila kuona ua walikuwa na njaa ambayo sisi wa ikweta hatuijui. Picha ilikuwa akiba.

Sasa pesa, kwa kuwa msimamizi wako ameanza na bei. Picha hizi zilikuwa ghali tangu siku zake za kwanza. Ambrosius Bosschaert, mzaliwa wa Antwerp aliyekulia Middelburg, alifariki The Hague mwaka 1621 akiwa amekwenda kupeleka picha ya maua iliyoagizwa na mtumishi mkuu wa nyumba ya mwanamfalme, kwa gilda 1,000 (gilda ilikuwa sarafu ya Uholanzi). Fundi stadi wakati huo alipata kama gilda 300 kwa mwaka mzima. Lakini maua yenyewe yalikuwa ghali zaidi. Tarehe 5 Februari 1637 katika mji wa Alkmaar palifanyika mnada wa matunguu ya tulipu, yaani vile vishina kama kitunguu vinavyootesha ua, yaliyoachwa na marehemu mmoja mwenye watoto yatima, na tunguu moja la aina iliyoitwa Viceroy lilikwenda kwa gilda 4,203. Siku hizohizo soko la tulipu lilikuwa limekwisha kuanza kuanguka katika mji wa Haarlem, na baada ya muda mfupi matunguu hayo yakakosa wa kuyagusa. Watoto walipata bahati kwa tofauti ya siku chache.

Hapa nina habari itakayokufurahisha wewe kuliko msomaji mwingine. Tulipu zilizopendwa kupita zote zilikuwa zile zenye michirizi, nyekundu juu ya nyeupe au zambarau juu ya nyeupe, kama miali ya moto. Hakuna mkulima aliyejua michirizi inatoka wapi. Tunguu moja lilitoa ua la rangi moja mwaka huu, mwaka uliofuata likatoa miali, na mwenye bustani akatajirika. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1920 ndipo wataalamu wakathibitisha kwamba ni virusi, na wanaovieneza ni vidukari. Vidukari walewale mnaowapigia dawa. Ua lililouzwa kwa bei ya nyumba lilikuwa ua gonjwa, na kila unapoona tulipu yenye miali katika picha hizi unatazama dalili za ugonjwa zilizochorwa kwa heshima zote.

Kwa hiyo tukirudi kwenye meza yako ya kazi: kasoro zilikuwa sehemu ya mvuto tangu mwanzo, hata pale mchoraji mwenyewe hakujua kwamba ni kasoro.

Lakini si wote walianza hivyo. Mara ya kwanza niliposimama mbele ya picha ya Bosschaert iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Mauritshuis, The Hague, ile ya chombo cha maua dirishani ya karibu mwaka 1618, nilifikiri: huyu angefaa kazi ya madaraja. Picha ni ndogo, kimo chake kama sentimita 64. Kila ua limegeuka kukutazama, halimzibi jirani yake, kama watu waliopanga mstari kupigwa picha za kitambulisho. Unaweza kuhesabu. Kwenye kizingiti cha dirisha kuna kombe za baharini zilizotoka mbali, na nyuma mandhari ya kubuni. Inapendeza, na mimi naipenda, ila ni orodha ya mali. Inasema: nina hiki, nina hiki, na hiki hapa hujawahi kukiona.

Miaka hamsini baadaye mambo yamebadilika kabisa. Willem van Aelst, aliyewahi kuifanyia kazi nyumba ya Medici, ukoo uliotawala kule Florence, Italia, akalilaza shada upande mmoja, maua yakaanza kuinama na kugeuza migongo. Aliyejifunza kwake ni yule binti wa kwenye kalenda yenu.

Rachel Ruysch alizaliwa The Hague mwaka 1664, akakulia Amsterdam. Baba yake, Frederik Ruysch, alikuwa tabibu mtafiti wa mwili wa binadamu, aliyejua kuhifadhi maiti na viungo visioze, na alikuwa na mkusanyiko nyumbani ambao watu walilipa kuutazama. Baadaye, mwaka 1717, Tsar Petro Mkuu wa Urusi aliununua wote. Mzee huyo alikuwa pia profesa wa mimea katika bustani ya mimea ya Amsterdam. Fikiria mtoto anakua katika nyumba ambayo kila rafu ina wadudu, mifupa, majani makavu, vichanga ndani ya chupa. Huyo hatashtushwa na jani lililoliwa. Alipotimiza miaka 15 akapelekwa kwa van Aelst kujifunza. Akaolewa na mchoraji wa picha za watu, Juriaen Pool, wakapata watoto kumi, naye hakuacha brashi. Kuanzia mwaka 1708 alikuwa mchoraji wa mtawala wa Düsseldorf, Ujerumani, akimtumia picha kutoka Amsterdam. Mwaka 1747 bado alikuwa anatia sahihi, na kando ya jina akaandika umri wake: 83. Nadhani alijivuna, na alikuwa na haki.

Sasa itazame tena ile picha. Angalia ua lililolegea shingo. Wewe kwa uzoefu wako utajua limekatwa lini, au limekosa maji kiasi gani. Ruysch naye alijua, na ndiyo sababu limeinama kwa namna hiyo na si nyingine. Angalia matundu ya majani: kuna yaliyoanzia ukingoni, kuna yaliyo katikati yenye ukingo wa kahawia, kwa sababu mdudu tofauti hula tofauti. Jani jingine limejikunja ukaona tumbo lake, lililopauka kuliko mgongo. Mtu anayechora "ua" kwa kukariri hawezi kuyajua hayo. Ni lazima alikaa na jani hilo.

Basi kuna nini cha kupenda? Nikupe jibu langu, ingawa wenzangu hawatakubali wote. Shada lile ni uongo mtupu: misimu imechanganywa, mashina hayafiki, chombo hakibebi. Kinachokufanya uuamini uongo huo ni kasoro. Petali iliyodondoka mezani inakuambia kwamba jambo lilitokea hapa, muda mfupi kabla hujafika. Kiwavi anakuambia kwamba litaendelea kutokea ukiondoka. Toa matundu yote, nyoosha shingo zote, na utabaki na picha ya kwenye sanduku la kusafirishia. Wewe kazi yako ni kuondoa muda kwenye ua, lifike Ulaya kana kwamba limekatwa sasa hivi. Yeye kazi yake ilikuwa kuurudisha.

Utasikia maelezo mengine, ya kidini. Uholanzi ya wakati ule ilikuwa nchi ya Waprotestanti waliokwisha kuondoa sanamu na picha makanisani. Wachoraji walipoteza mteja wao mkubwa, yaani kanisa, wakageukia sebule za wafanyabiashara. Na waumini hao walijua vizuri maandiko yanayomfananisha mwanadamu na ua la kondeni. Kwa hiyo ua linalonyauka ni mahubiri: nawe utanyauka, tubu. Kuna picha ambazo hili halina ubishi, zile zenye fuvu la kichwa, saa ya mchanga au mshumaa uliozimika. Maria van Oosterwijck alichora moja mwaka 1668, sasa iko Vienna, na mtu hahitaji mkalimani. Lakini kuna waongozaji wa wageni katika majumba ya makumbusho wanaotaka kila kiumbe kiwe na maana: kipepeo ni ufufuo, nzi ni dhambi, yungiyungi ni Bikira Mariamu, konokono sijui nini. Nimechoka nayo. Mfanyabiashara aliyelipa mshahara wa fundi wa miaka mitatu hakununua mahubiri tu. Hayo alipewa bure kila Jumapili. Nadhani aliyapenda maua, akaona vyema kuwa na sababu ya kidini ya kuyapenda.

Kuhusu majani ya buluu: jicho lako halina tatizo. Rangi ya kijani yenye kung'aa ilikuwa ngumu kuipata, kwa hiyo wachoraji walipaka buluu, kisha wakapitisha juu yake tabaka jembamba la njano iliyotengenezwa kwa mimea. Njano hiyo haivumilii mwanga. Katika miaka 300 imekufa, na buluu ya chini imebaki peke yake. Picha yenyewe imenyauka, kwa namna isiyokusudiwa. Nyekundu za petali nazo zilitengenezwa kwa tabaka: kwanza umbo la ua kwa rangi isiyopitisha mwanga, likakauka siku kadhaa, kisha rangi angavu juu yake, mara moja, mara mbili, hadi nuru ikawa kama inatoka ndani. Ndiyo maana kalenda haiwezi kukuonyesha sawasawa. Wino wa chapa umelala juu ya karatasi, haupitishi nuru. Mwenzao mmoja, Otto Marseus van Schrieck, alikwenda mbali zaidi akabandika mabawa halisi ya vipepeo kwenye rangi mbichi. Sijui niite ustadi au uvivu.

Van Huysum naye hakutaka mtu aione mbinu yake. Inasemekana hata ndugu zake hawakuruhusiwa kuingia chumbani mwake akiwa anachora.

Ajabu ni kwamba wasomi wa wakati ule waliidharau kazi hii. Samuel van Hoogstraten, mchoraji aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Rembrandt, aliandika mwaka 1678 kwamba wanaochora vitu visivyo na uhai ni askari wa kawaida katika jeshi la sanaa. Majenerali ni wale wanaochora visa vya Biblia na historia. Dharau hiyo ilidumu. Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, ina ukumbi mkuu inamotundika kazi zake za fahari, na ilikuwa Machi 2021 ndipo kazi za wanawake zikaingia humo kwa mara ya kwanza. Ya Ruysch ilikuwa mojawapo.

Kuna jambo moja picha hizi hazilisemi, nami sitaki kulipita kimya. Zile kombe za Bosschaert hazikuokotwa ufukweni Uholanzi. Zilikuja na meli, na meli zilikuwa za kampuni zilizopigana, zilizotwaa visiwa na kuuza watu. Bustani ambamo babake Ruysch alifundisha ilipokea mimea kutoka Rasi ya Tumaini Jema na kutoka Surinam, koloni lililolimwa na watumwa, na mimea ya aina hiyo iliingia kwenye mashada ya binti. Imechorwa vizuri mno, na haijulishi kitu. Sikuambii usiipende kwa sababu hiyo. Nakuambia tu kwamba maua yaliyosafirishwa mbali kwa ajili ya meza za Waholanzi si jambo lililoanza na uwanja wa ndege wa Nairobi. Mnada wa maua wa Aalsmeer, ambako mengi ya mawaridi yenu hupita, uko mwendo mfupi kwa gari kutoka kwenye ukumbi niliokutajia.

Kama unataka kuona kuliko kalenda inavyokuruhusu, huhitaji nauli. Rijksmuseum imeweka picha zake kwenye tovuti yake, nyingi kwa ubora mkubwa sana, na kuzipakua ni bure. National Gallery of Art ya Washington nayo imefanya hivyo. Tumia simu yenye kioo kizuri, usiku, taa ikiwa imezimwa. Usitazame shada zima, halina haraka. Anza pembeni, kwenye meza, mahali ambapo petali zimeanguka, halafu panda polepole. Utakuta sisimizi. Karibu kila mara kuna sisimizi.

Na ukifika Washington, tafuta chombo cha maua cha Jan Davidsz. de Heem, cha karibu mwaka 1660. Chombo ni cha kioo. Kivute karibu kadiri simu itakavyokubali, uangalie kwenye mbonyeo wa kioo, juu ya maji. Kuna dirisha limeakisiwa humo, dogo, limepinda kufuata umbo la chombo. Shada lote lile ni la kubuni, lakini yeye hakusahau kulichorea dirisha la chumba. Niandikie ukiliona, na uniambie de Heem angepata daraja gani mezani kwako.